Bunduki Aliyoirudisha Baba

Nsemulwa,
Mpanda.
6 Mei, 2024.

Mpendwa Baba Mdogo Mwandu,

Shikamoo baba. Natumaini wewe, mama mdogo Evaline na watoto hamjambo huko Dodoma. Ule mgongo umepona? Baridi ya huko ndiyo inaanza, tafadhali usiende mnadani alfajiri bila koti. Mimi mwili ni mzima. Usingizi ndio sina.

Mvua zimekatika na mpunga wa jirani yetu Theopista unavunwa. Baba anakula kidogo sasa, ila kila asubuhi anaenda kusimama kwenye zizi tupu mpaka jua liwe kali.

Kuna jambo ambalo msibani sikuweza kulisema. Mwaka jana, lilipokuja zoezi la kusalimisha silaha, baba alipeleka bunduki yake kwa sababu leseni ilikuwa imeisha na hakutaka matatizo. Aliipaka mafuta vizuri kama mtu anayempeleka mtoto kliniki. Majina ya waliosalimisha yaliletwa ofisini kwetu, pale kwenye kata, niyachape. Unajua huku kila orodha hubandikwa ubaoni, iwe ya mbolea, iwe ya wapiga kura. Bosi akasema, "Nyamizi, bandika, wananchi waone kazi imefanyika." Na kwa kuwa napenda kazi iliyonyooka, niliongeza safu mbili ambazo hakuna aliyeniagiza: kitongoji, na silaha iliyobaki nyumbani. Mbele ya jina la Ngusa, baba yangu mwenyewe, niliandika "Hakuna".

Ilikaa ubaoni miezi mitatu.

Wezi walipovamia boma mwezi wa tatu, hata hawakujificha. Kaka Lyamba alitoka na fimbo. Theopista alisikia kila neno akiwa kwake, ndiye aliyenisimulia. Mmoja aliita, "Mzee Ngusa, toka basi na bunduki yako!" Mwingine akacheka, "Muache mzee, kasahau kwamba aliirudisha." Kisha wakampiga Lyamba risasi, wao ambao hawakurudisha kitu, wakaswaga ng'ombe wote.

Baba Mdogo, kaburini ulituambia tumwachie Mungu. Nakuheshimu, lakini mimi bado sijamwachia. Nataka walipe. Nikifumba macho namsikia yule aliyecheka, nami namwombea siku moja akutane na mlango ambao mwenyewe yuko tayari nyuma yake.

Sasa nisikilize. Bungeni kuna miswada miwili. Wa kwanza unamruhusu mfugaji au mkulima anayeishi mbali na kituo cha polisi kumiliki bunduki moja, akishachunguzwa na kupitishwa na mkutano wa kijiji. Wa pili unataka silaha zote zilizosalimishwa ziteketezwe, na aliyesalimisha asiombe leseni tena kwa miaka kumi. Huo wa pili ukipita, baba atakufa mikono mitupu, na wale watu wanajua. Kamati inapokea maoni ya wananchi mpaka Ijumaa, tarehe 17.

Nakuomba uandike. Wewe uko hukohuko, ipeleke barua kwa mkono wako na usiondoke mpaka igongwe muhuri wa kupokelewa. Tumia maneno yako mwenyewe. Mimi ni karani, najua barua ishirini zinazofanana hufungwa pamoja na kusomwa moja. Namba za miswada nimekuandikia nyuma ya karatasi hii. Sema unaunga mkono wa kwanza na unapinga wa pili, kisha eleza habari za Lyamba. Ukimaliza, mpigie simu mbunge wetu, na ndugu walioko Kahama na Tabora wawapigie wa kwao. Nyie msitukane, anayetukana hukatiwa simu. Mwambieni tu kwamba siku ya kura tutakuwa tunasikiliza jina lake, na uchaguzi ukifika hatutasahau.

Theopista hakubaliani nami. Mume wake, Celestin, aliuawa kwa gobole la mlevi, nawe unakumbuka. Aliniambia, "Mwanangu, ikirudi kwa Ngusa itarudi na kwa walevi wote." Nikamjibu kwa hasira kwamba walevi tayari wanazo. Akanitazama, akaendelea kupepeta mchele wake. Nilijisikia vibaya, lakini sikuyarudisha maneno yangu.

Jumatano iliyopita alikuja mwanamume mmoja ofisini kuomba barua ya utambulisho. Akaegemea meza yangu, akasema, "Karani, orodha nyingine inatoka lini? Ile ilikuwa safi sana. Mpaka kitongoji!" Akacheka, nami nikanakili jina lake kutoka kwenye barua. Jina lake nimelipeleka polisi. Wameniambia kucheka si kosa.

Nilimweleza bosi kwamba natuma maoni bungeni. Akafunga mlango. "Wewe ni mtumishi, mdogo wangu. Siasa waachie wenyewe. Na ile orodha usiitaje popote, utatuponza wote."

Nimeitaja. Maoni yangu yamo humu ndani ya bahasha, yapeleke pamoja na ya kwako. Nimeandika nani aliagiza, nani alibandika, zile safu mbili nilizoongeza, na majina yangu yote matatu. Kazi itaondoka, na pengine si kazi tu. Ninapokuandikia ni saa nane mchana na nimefunga komeo. Naogopa sana, baba. Lakini nimechoka kuogopa peke yangu. Nataka na wao waanze kuogopa.

Nisalimie mama mdogo Evaline, Agape na Wiliam. Baba anawasalimu, ingawa hajui kama nimeandika. Mungu awape nyie afya na amani, na wale aliowaona siku ile awape wanachostahili.

Ni mimi mwanao nikupendaye,

Nyamizi Ngusa