Shingo ya Chupa Dirishani

Jumamosi, 4 Mei 1996

Nimeamka saa kumi na moja alfajiri, kabla ya mama mkwe. Hapa makoti, yaani bibi harusi, hakutwi kitandani. Nimefagia, nimechemsha maji, nimepanga viatu vya Vusi. Siku ya ishirini na tatu ya ndoa! Baridi ya huku kusini, mtaa wa Troyeville, inakata masikio lakini moyo wangu unawaka. Mume wangu mpiga gita la bluzi! Alhamisi na Ijumaa anarekodi. Kanda mbili ameshatoa. Hii ndiyo CD yake ya kwanza, naye ana miaka arobaini na mmoja.

Nimesafisha mpaka dirisha la sebuleni. Utando wa buibui, vumbi, shingo ya chupa iliyovunjika. Vyote kwenye pipa la taka. Mama mkwe amepitisha kidole, hakuona kitu. "Sharp, makoti." Yaani safi. Nimefurahi siku nzima.

Jumatatu, 6 Mei

Lori la taka limepita saa moja. Saa tatu Vusi ameanza kutafuta. Kwanza polepole, kisha anainua mito.

Anatafuta ile shingo ya chupa. Huivaa kidoleni na kuitelezesha juu ya nyuzi, ndipo gita linalia kama mtu. Sikujua! Alipokuja kwetu Morogoro kuposa alipiga kwa vidole vitupu, gita la kuazima. Kila anapokaribia kurekodi huiweka juani siku kadhaa na haigusi. Ndiyo desturi yake. Alikatiwa na Sipho, rafiki yake wa uhamishoni enzi za ubaguzi wa rangi, aliyezikwa kwetu Morogoro.

Ameniuliza kama nimeiona. Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni. Nimesema sijaiona.

Nimedanganya. Siku ya ishirini na tano.

Jumanne, 7 Mei

Anamshuku Mandla, mpiga besi wake, aliyekuja kufanya mazoezi juzi. Naye aliishi nao Morogoro. Wamegombana kwenye simu. Mandla amesema hakanyagi studio na mtu anayemwita mwizi. Bila besi hakuna kurekodi. Mwenye studio ametoa siku mbili tu.

Vusi amejaribu kuvaa kidoleni kipande cha bomba la shaba. Mama mkwe akapaza sauti kutoka jikoni, "Eish, Vusi, mfungulie huyo paka mlango!" Amecheka peke yake.

Sikula. Naogopa. Nampenda na naogopa.

Jumatano, 8 Mei

Nimemwambia. Alikuwa ananyoa, povu shavuni. Nimesema yote, hata ule uongo. Hakufoka. Afadhali angefoka.

"Ungesema juzi, Zuhura, nisingemtukana mwenzangu."

Akafuta povu, ndevu zimebaki upande mmoja, akatoka.

Saa sita amerudi na Mandla na chupa tatu tupu. Mandla akaniangalia juu mpaka chini. "Shemeji, wewe hatari. Leo umetupa chupa, kesho utatupa besi yangu, keshokutwa mimi mwenyewe." Vusi hakucheka. Amenielekeza: zungusha shingoni mwa chupa uzi uliolowa mafuta ya taa, washa, kisha zamisha kwenye maji baridi. Amesema nikate mimi.

Ya kwanza imepasuka. Ya pili imepasuka. Mama mkwe akaja kusimama nyuma yangu. Ya tatu imetoka safi kama pete. Nimeisugua kwa msasa mpaka jioni, isije ikamkata Vusi kidole.

Ijumaa, 10 Mei

Tumemaliza studio. Nyimbo sita. Zilipangwa saba. Wa saba ni wimbo wa kumkumbuka Sipho. Fundi mitambo aliuliza, Vusi akatikisa kichwa.

Nimelia chooni. Hizo sita ni nzuri mno, gita linalia, kifua kinaniuma kwa mapenzi. Lakini ni sita. Mimi ndiye sababu.

Jumamosi, 11 Mei

Asubuhi nimemuuliza kama ana hasira. Hana. Amesema, "Kioo hiki bado hakimjui Sipho." Wimbo utasubiri.

Ameiweka shingo mpya dirishani, juani, akaenda kuoga.

Nimefagia. Nimechemsha maji. Nimepangusa vumbi la dirishani taratibu, nikaizunguka.