Mbona Babako Haketi Uwanjani

Mjukuu wangu Salma,

Assalaam alaykum. Huku Mji wa Kale sote wazima, na shangazio amejifungua mvulana.

Wasema waona haya kwenda mechini, kwa kuwa babako, tangu aache kucheza mpira wa kikapu akawa kocha huko Ujerumani, hatulii kitini. Mwanangu huyo! Amenifuata mimi, mchora hina niliyewashinda wote mtaani. Siku niliyomwachia mwanafunzi wangu miguu ya bi harusi, nilizunguka chumba kizima.

"We Mwanaisha, keti! Watutia kizunguzungu!" akafoka mama wa bi harusi.

Nikaketi, nikainuka tena. Kila mstari aliouchora niliuhisi vidoleni mwangu, na sikuweza kuugusa.

Basi Jumamosi nenda. Akisimama mpelekee maji, usimwambie aketi.

Nyanyako akupendaye,
Mwanaisha