Zawadi ya Bosi na Kamba ya Mourine

Mpendwa mshauri Mama Winfred,

Naomba msaada wako, na ikiwezekana unijibu kabla ya Ijumaa ya wiki ijayo, kwa sababu siku hiyo kontena la mizigo yetu linafungwa hapa Jeddah, na kitakachokuwa ndani ndicho kitakachofika kwetu Port Victoria, kando ya ziwa. Mimi ni dereva, nina miaka sitini na mmoja, na ishirini na minne kati ya hiyo nimeitumikia familia moja tu, inayoishi Riyadh na kuhamia Jeddah kila joto la kule linapozidi, nami ndiye ninayewapeleka na kuwarudisha. Sasa naondoka moja kwa moja, ikama yangu, yaani kibali cha kuishi huku, ni safi, macho mazima, sijagonga gari hata siku moja, na sioni haya kusema kwamba nina furaha ambayo sijawahi kuwa nayo tangu nilipopanda ndege.

Furaha hiyo ni Mourine, binti yangu wa pekee, niliyemwacha darasa la tatu na ambaye leo ana mashua yake mwenyewe, futi ishirini na tatu, na wavuvi wanne chini yake, wakiwemo wawili waliosema wazi mwanzoni kwamba hawatatumwa na mwanamke na ambao siku hizi hufika ufuoni kabla yake. Kilichobaki ni injini, maana bado wanapiga makasia, na injini niliahidi mimi. Niliahidi kwa mdomo mpana, mshauri. Kila nilipopiga simu nyumbani nilisema injini nitakayoleta ziwa lote litaisikia, na ndugu zangu wakalipeleka neno hilo hadi kanisani.

Mwezi uliopita bosi alinipeleka Obhur, kaskazini mwa Jeddah, anakoweka boti yake ya starehe, akanionyesha injini aliyoitoa ili aweke mpya. Ni ya nguvu ya farasi themanini na tano, nyeusi, inang'aa. Akaniambia, "Abu Mourine, hii yako. Halas, imekwisha." Nilitokwa na machozi mbele yake. Niliporudi Riyadh niliwaonyesha picha marafiki zangu wa mtaa wa Shumaisi, ambao nimekuwa nikishinda nao Ijumaa zangu. Morgan akasema, "Mzee, ukiishusha hiyo kwenye lori, hata chifu atatoka ofisini." Noah, ambaye ni bawabu na hasemi sana, akasema, "Zawadi ya bosi haikataliwi. Ukiikataa, umemwambia miaka yote hiyo hukumheshimu."

Mourine alipoona picha alinipigia baada ya siku mbili. "Baba, mimi nataka kumi na tano, ile ya kuchanganya petroli na oili, ambayo Dominic fundi wetu anaifungua na kuifunga akiwa amekaa ndani ya mashua. Hiyo ya bosi ni ya kukimbia. Sisi hatukimbii, tunavuta nyavu." Halafu akamtuma mama mmoja wa kwetu, aliyekuwa anarudi kazini mtaa wa Al-Rawdah kutoka likizo, aniletee bahasha. Ndani mlikuwa na kipande cha kamba ya nyavu chenye fundo kila upande. Ni kimo cha ubao wa nyuma wa mashua, kutoka juu injini inapobanwa hadi chini kabisa ya mashua, na mguu wa injini, ile sehemu inayoshuka majini, unapaswa kulingana nacho.

Kamba hiyo imekaa kwenye mfuko wa shati langu siku kumi na moja, nimekwenda Obhur mara mbili, na sijaipima. Nilipokuwa kijana, injini kubwa zilikuwa za wanunuzi wa samaki, nasi tulishika makasia tukisubiri mawimbi yao yamalize kututikisa. Labda hilo ndilo ziwa ninalolipelekea injini, si la Mourine. Je, nimkatalie bosi, au nimwombe binti yangu akubali?

Elkanah, Jeddah

*

Mzee Elkanah,

Hongera, tena kubwa. Wengi huniandikia kutoka huko wakiniuliza watarudije nyumbani mikono mitupu. Wewe tatizo lako ni kwamba umepewa kupita kiasi. Sasa nivumilie nikukaripie.

Umeandika barua ndefu kuhusu injini na hukuniambia urefu wa mguu wake. Mtu aliyeendesha gari miaka ishirini na minne bila kugonga hakuwa akikisia nafasi ya kuegesha. Hukupima kwa sababu jibu unalijua, na ulitaka uendelee kuiona injini ile juu ya lori kwa siku chache zaidi.

Nimemuuliza fundi wa injini za boti. Anasema ile ya bosi ina uzito wa watu wawili wazima, na watu hao watakaa juu ya ubao wa nyuma kabla nyavu hazijapakiwa. Mashua itainua pua, na wimbi litaingilia nyuma. Mguu ukizidi, utalima matope kila wakitia nanga; ukipungua, propela itavuta hewa. Injini hiyo imekunywa chumvi ya Bahari ya Shamu miaka mingi, na itakunywa petroli ya pesa nyingi kuliko samaki wa Mourine. Kijiji kitaisikia wiki mbili, kisha kuku watalala juu yake.

Wewe uliahidi kelele. Binti yako anataka chombo cha kazi. Na watu wa ufuoni tayari wana cha kutazama: ni yeye.

Kuhusu zawadi, Noah yuko sawa nusu. Haikataliwi, lakini saizi yake husemwa. Bosi angekupa viatu vikubwa ungemwambia. Basi nenda naye Obhur, toa kamba, pima mbele yake, kutoka kibano kinachoshika ubao hadi lile bamba dogo lililo juu ya propela. Usihutubu. Akishaona, mwombe kumi na tano ya mguu mfupi, yenye propela ya akiba. Halafu mpigie Mourine umwambie, "Ulikuwa sawa." Maneno mawili, bila kuzunguka. Fanya hivyo leo, Mzee; kontena halitangoja aibu yako iishe.

Winfred

*

Mzee Elkanah ametuandikia tena, nasi tunaona wasomaji wana haki ya kujua.

Mama Winfred, kamba iliisha, na mguu wa injini ukaendelea upana wa kiganja changu na zaidi. Bosi akapiga magoti kwenye saruji na kanzu yake nyeupe, akapima tena mwenyewe. Akauliza nani aliikata kamba hii. Nikasema Mourine. Akacheka mpaka akashika ukuta. "Huyo ndiye kapteni," akasema. "Wewe ni dereva. Yalla, ingia." Nikaenda upande wangu wa usukani, nikamkuta ameshakaa. Akaendesha yeye hadi dukani, mimi nimekaa kando yake, mara ya kwanza katika miaka ishirini na minne, na nikaona kwamba barabara ile ya pwani, ambayo nimeipita mara elfu, ina bahari upande mmoja mwendo wote.

Kumi na tano, mguu mfupi, propela mbili. Imo ndani ya kontena, nimeiviringishia blanketi zangu zote.

Nikampigia Mourine. Nikasema, "Ulikuwa sawa." Alikuwa ufuoni na watu wake. Nikamsikia akiwaambia, "Mzee amepima." Wale wanne wakaanza kugonga ubavu wa mashua kwa makasia, na mashua za jirani zikaitikia, mpaka sikusikia tena alilokuwa akiniambia. Injini bado haijapakiwa melini, na ziwa lote limekwisha kusikia.