Mama, Nimempata Dada Yako

Mama,

Siku tuliyokuzika, kaka alisoma wasifu wako mbele ya watu. Alipofika kwenye majina ya wazazi wako alinyamaza, kisha akarukia habari za shule. Nilikuwa nimekaa karibu na jeneza. Ukimya ule uliniumiza kuliko nyimbo zote.

Ulizoea kusema, "Mimi nilitupwa misheni," huku unachambua maharage, kama vile unamzungumzia mtu mwingine. Tukikuuliza zaidi, unainuka kuchochea moto. Basi nikaacha kuuliza, mpaka umeondoka. Nisamehe.

Nilimwendea Mwalimu Agnes pale Lushoto mjini, mstaafu anayesaidia watu kutafuta koo zao. Nilidhani atafungua kitabu anipe jibu. Badala yake alinihoji siku nzima: nani alikulea, walihamia wapi, walirudi lini. Ndipo akaomba ruhusa ofisi ya usharika tuone daftari la zamani la ubatizo. Mwandiko umelala, wino umefifia. Nilipoanza kubahatisha, alinizuia. "Usisome unachokitaka. Soma kilichoandikwa."

Pembeni ya jina lako paliandikwa hivi: mama amefariki akijifungua, mtoto ameletwa na baba na dada yake apate maziwa, watamrudia.

Hukutupwa, Mama. Nililia palepale ofisini. Mwalimu Agnes alinisogezea kiti, akatoka nje.

Kijiji cha babu kilitajwa humo. Tulipanda hadi juu ya Mlola, tukauliza nyumba kwa nyumba, mpaka tukaonyeshwa bibi mmoja anapukuchua mahindi mlangoni kwake. Mama... ana mashavu yako.

Alikuwa msichana mdogo siku aliyokubeba mgongoni hadi misheni. Walirudi baada ya mavuno, wakaambiwa familia iliyokuchukua imehamia Tanga. "Baba alirudi tena na tena," aliniambia. "Kila akija mikono mitupu, hali chakula." Hakuna aliyewaambia kwamba wewe na waliokulea mlirudi tena milimani.

Na miaka yote hiyo aliuza mapeasi soko la Mlola. Soko lako, Mama! Labda alikupimia. Labda ulimwambia akuongeze moja, akakuongeza, mkaagana.

Lakini kabla hajanisimulia hayo, nilimpa shikamoo, akaitikia. Nikampa ya pili, nikamwambia, "Mama mkubwa, hii ni ya mdogo wako. Tumemzika mwezi wa sita." Aliyaacha mahindi, akanishika uso kwa mikono miwili. Halafu akasema polepole, "Marahaba, mdogo wangu."

Pumzika sasa, Mama. Miguu yake haina nguvu tena, kwa hiyo mimi ndiye nitakayepanda mlima kwenda kumwona. Na kila nikifika nitampa shikamoo mbili.

Mwanao,
Neema