Shimo Ambalo Sikulichimba Matete

Fundi,

Huu ni mwezi wa tano tangu tukuzike pale Lubao. Sikukuandikia mapema kwa sababu niliona haya. Nimeharibu kazi, na sina mwingine wa kumwambia.

Uliniita mama miaka yote sita niliyokuchanganyia simiti, kwa kuwa nina jina la mama yako, na watu wa mjengo walikuwa wakicheka. Mtu akikuuliza nyumba itamgharimu ngapi, hukumjibu. Ulichukua jembe, ukachimba shimo la kufika gotini kwenye kila pembe ya kiwanja, ukaufinya udongo, ukaunusa. Mwenyewe akianza kununa ulimwambia, "Mimi naulizanga chini kwanza." Halafu ulimpa bei tatu: ya jua, ya mvua, na ya siku lori likikwama. Nilikuwa nakasirika kimoyomoyo. Niliona unatufukuzia wateja.

Mama Ebby wa Matete, mjane anayekata miwa, ndiye mteja wangu wa kwanza tangu uende. Mafundi wawili walikuwa wameshamtajia bei, nami nilitaka nionekane fundi. Ramani yake ilikuwa ile ile ya nyumba tuliyomaliza Lurambi, vyumba vitatu na veranda. Basi nikachukua hesabu ya Lurambi, nikaongeza kidogo ya usafiri, nikampa bei moja hapo hapo. Sikuchimba hata shimo moja. Na ili bei ishuke, nikahesabu kwamba tutatumia tena mabati ya nyumba yake ya zamani, nikamwambia aibomoe. Aliibomoa siku hiyo hiyo, Fundi, akiimba.

Lurambi udongo mgumu haukuwa mbali. Matete tulichimba, tukachimba, ni udongo mweusi na maji tu. Mawe, vyuma na simiti ya nyumba nzima vikaingia chini. Kila alichojiwekea kwenye miwa kimeishia kwenye msingi. Yeye na watoto wanne wanalala jikoni kwa jirani, mabati yake yamerundikwa nje kwenye majani, na mvua imeanza.

Nimekaa nikahesabu upya kazi iliyobaki, kitu kimoja kimoja kama ulivyofanya wewe: matofali, mchanga, mbao, siku za vibarua. Nikifika kwenye jumla narudi mwanzo. Hana, na mimi sina. Juzi nilisimama kwenye msingi nikageuka nikuulize tufanyeje, mdomo tayari umefunguka. Hakukuwa na mtu.

Na kuna jambo baya kuliko hilo. Nilimdanganya. Nilimwambia simiti imepanda bei. Akanishika bega, akasema, "Si makosa yako, mwanangu. Hii maisha inatufanyianga tu hivi." Kisha akanipakulia obusuma, ugali wa watoto, kutoka sufuria yao. Nilikula. Nilikula, Fundi, watoto wakiniangalia, na mpaka leo sijui nilimezaje.

Sioni njia ya kuimaliza nyumba hiyo. Kama wewe ungeiona, hukunifundisha, au ulinifundisha nikawa sisikii.

Pumzika, Fundi wangu. Kujenga siwezi kukuahidi. Ninachokuahidi ni kwamba kesho asubuhi nitapanda gari kwenda Matete, nitakaa chini mbele ya Mama Ebby, na nitamwambia simiti haikupanda bei. Ni mimi.