Wanaomtaja Mutheu

Ndithini, 4 Mei 2025

Mutheu wangu,

Huko Uholanzi unakula vizuri? Baridi imepungua? Mimi niko sawa, ni goti tu linalonisumbua asubuhi. Ndengu zimekubali mwaka huu.

Tangu useme kwa simu kwamba ile kazi uliyoandika juu ya nyumba zetu za huku imetajwa na wasomi zaidi ya elfu moja, sijatulia. Jumapili nilisimama kanisani wakati wa matangazo nikasema, "Msichana wangu ni mwanauchumi, na anatajwa na watu elfu moja." Jirani yetu Kalekye, na unajua mdomo wake, akauliza, "Kwani amefanya nini?" Walicheka mpaka padri akainama. Sasa niandikie barua ya kalamu ya kueleza, niwasomee.

Na Septemba uje. Kikundi chetu cha mwethya, cha kusaidiana kazi kwa zamu, kitachimba matuta kwa shamba letu, na wewe bado ni mwanachama. Zamu yako ikifika huwa ninamtuma yule kijana wa kibarua, Nzioka, achimbe mahali pako.

Ni mimi mama yako.

Uholanzi, 23 Mei 2025

Mwaitu,

Nashukuru goti lilikuruhusu kusimama kanisani. Mimi niko salama.

Mwambie Kalekye sijaiba. Msomi akiandika jambo, lazima aseme alilitoa wapi, na hapo ndipo anaandika jina langu. Nilizunguka Ndithini na Masinga nikaonyesha kwamba nyumba yenye mtoto ng'ambo inapata bati jipya, tangi la maji, na karo inalipwa. Hata yetu imo, ingawa sheria hairuhusu niandike jina lako. Wengi wanakubaliana nami. Kuna mmoja tu anayenitaja kila mara kunipinga.

Septemba nitajaribu.

Mwanao, Mutheu

Ndithini, 10 Juni 2025

Mutheu wangu,

Umeamkaje? Huku tuko wazima, mpaka mbuzi.

Barua nimeisoma yote kanisani, hata pale umeniita Mwaitu, mama kwa Kikamba chetu. Nimewaambia ile nyumba iliyopimwa kwanza ni yangu. Najua hukusema hivyo, lakini ingekuwa ya nani? Kalekye aliomba kuishika hiyo barua.

Sasa huyo anayekupinga ni nani? Amezaliwa na nani? Niambie anasema nini, nimuombee afunge mdomo.

Mama yako.

Uholanzi, 1 Julai 2025

Mwaitu,

Pole na goti, Winfred wa dukani ameniambia limefura.

Usimuombee vibaya huyo mtu. Anasema nilihesabu bati, tangi na karo, lakini sikuuliza waliobaki wanakaaje bila huyo mtoto. Ati hapo niliandika sufuri. Nimeshamjibu mara mbili, na ninaandika jibu la tatu.

Septemba haitawezekana. Kuna mkutano mkubwa, watanipa tuzo kwa hiyo kazi ya nyumba zetu. Utakuwa na la kutangaza.

Mwanao, Mutheu

Uholanzi, 5 Agosti 2025

Mwaitu,

Mbona kimya? Nikipiga simu dukani, Winfred anasema uko shambani. Nimekukosea?

Mutheu

Ndithini, 17 Agosti 2025

Mutheu wangu,

Goti limepoa. Wewe je, unalala?

Hujanikosea, nilikuwa natafuta vile nitaandika. Tuzo nimetangaza. Kalekye ndiye alianza kupiga makofi.

Bati ni zuri, halivuji. Mvua ikinyesha linapiga kelele sana, lakini sina mtu wa kuniambia niongeze sauti. Tangi limejaa, na mimi ni kikombe kimoja cha chai. Jioni bado mkono wangu unasonga ugali wa watu wawili, halafu nampa mbwa.

Huyo mtu nimeacha kumuombea afunge mdomo. Naona hata yeye ako na mama mahali. Lakini wewe nenda uchukue tuzo yako, na uvae vizuri. Nzioka nimeshamwambia atachimba.

Mama yako anayekutaja.

Uholanzi, 30 Agosti 2025

Mwaitu,

Barua yako nimeisoma nikiwa kazini, nikafunga mlango.

Tuzo wataituma kwa posta. Lile jibu la tatu nimeliacha. Mwambie Nzioka apumzike, na ugali usiupunguze. Jembe niazimie kwa Kalekye.

Mwanao, Mutheu