Njiwa Uliowaacha kwa Baba

Kaka mpendwa,

Pokea salamu zangu. Natumai wewe, wifi na mtoto hamjambo. Huku tunaamka na kulala. Mama ameanza kula kidogo, ila bado anaandaa vikombe vitatu vya chai.

Umeuliza baba aliumwa nini hasa, maana siku nilipokupigia simu tulilia tu. Yalikuwa mapafu. Daktari wa kifua alisema yamejaa makovu. Alieleza kwamba mwili una walinzi wake, na vumbi la manyoya na kinyesi cha ndege likiingia kifuani, walinzi wa watu wengi hulipuuza. Wa baba walilipiga vita miaka yote, na katika kupigana wakayajeruhi mapafu yenyewe, kovu juu ya kovu, mpaka yakakakamaa. Baba akacheka huku akikohoa, akasema kumbe kikulacho ki nguoni mwako, na kwamba soli ngumu namna hiyo hata fundi viatu kama yeye haishoni.

Daktari akaagiza njiwa waondoke. Niliwapeleka kwa muoka mikate, ng'ambo ya mji. Haikupita wiki, nikamkuta baba kwenye benchi lake la kazi, tundu liko wazi juu ya kichwa chake, na njiwa wote wamo. Nilipomgombeza alisema hakumwita mtu, wamerudi kwa miguu yao. Mama akamwambia achague, ndege au pumzi. Akaendelea kugongelea kisigino.

Unakumbuka alivyowaita kwa mluzi? Mwishoni pumzi haikutosha mluzi. Akawa anagonga kioo cha dirisha kwa ukucha, nao wanakuja.

Kaka, hili alinikataza nisikwambie. Ulipoondoka ulimwomba akutunzie njiwa mpaka urudi. Nilipomsihi tuwachinje, alisema amana haichinjwi, na kwamba wewe ukijua utajitwisha kifo chake. Ningenyamaza. Lakini umeandika kwamba unakuja kuwachukua, na tundu umeshalijenga kando ya chumba cha mwanao. Daktari hajui kama walinzi wa namna hii hurithiwa. Sitaki tujue kwa mtoto.

Njoo, ila usije na kizimba. Usijitwishe, aliyafanya kwa kupenda.

Njiwa bado wanatua dirishani kwake jioni, wanasubiri kugongewa. Mama huangalia pembeni. Mimi huiweka mikono mapajani.

Msalimie wifi, na umshike mtoto mkono kwa niaba yangu.

Ni mimi, mdogo wako